Upepo kwanza: namna ya kupima hali ya hewa kabla ya usiku wa kileleni Kilimanjaro, kwa anayetokea Dar

Kila mwaka ikifika Oktoba napokea ujumbe wa aina moja: "Dada, tuko wanane hapa ofisini, Desemba 9 tunapanda Kilimanjaro. Tubebe nini?" Nawajibu habari za makoti na soksi, kisha nawauliza swali ambalo mara nyingi hawajalifikiria. Mkifika kambi ya mwisho mkakuta upepo mkali, mtafanya nini?

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya swali hilo, na kwa mtu wa Dar es Salaam: anayeishi usawa wa bahari, mwenye likizo ya siku chache na hela aliyochangishana na wenzake. Msimamo wangu nausema mapema. Uamuzi wa kupanda au kusubiri uandikwe Dar, kwenye karatasi, kichwa kikiwa bado na hewa ya kutosha. Kileleni, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa hapa kwetu. Mtu ambaye hajalala, hajala vizuri na ameshalipa kila kitu hawezi kupima jambo akiwa kule. Atasema twende tu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, na ununue siku moja ya ziada

Mtu wa pwani ana faida, kwa sababu majina ya misimu tayari anayo mdomoni. Masika, Machi hadi Mei, waachie wenye uzoefu: msituni ni tope, juu ni theluji mpya na mawingu siku nzima. Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba ni ukavu mrefu. Kusi inavuma, usiku wa Julai na Agosti ndio wenye baridi kali kuliko yote, na mawingu hupenda kukaa upande wa kusini wa mlima. Utalowa manyunyu kwenye njia ya Marangu au Machame, halafu ukishautoka msitu unajikuta uko juu ya mawingu kwenye jua kali. Januari na Februari, katikati ya kaskazi, ni kiangazi kifupi chenye usiku usio na baridi ya kutisha sana, ingawa mvua ya radi ya alasiri huweza kuibuka bila taarifa ndefu.

Desemba 9 imo ndani ya vuli. Naelewa kwa nini tunaipenda tarehe hiyo. Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na Mwenge pale kileleni usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1961, na mimi mwenyewe nimepanda kwa heshima hiyo. Lakini vuli hazifanani. Mwaka 2019 na 2023 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida, na vuli ikamwaga mvua nyingi kupita kiasi. Miaka mingine vuli inapita kama haipo. Aliyeshika tarehe ya Desemba 9 anapaswa kuanza kufuatilia habari za bahari tangu Septemba.

Njia nayo ina hali ya hewa yake. Miteremko ya kusini, walipo Machame, Umbwe na Marangu, hupokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka kwenye ukanda wa msitu. Upande wa kaskazini, njia ya Rongai, uko kwenye kivuli cha mvua na ni mkavu zaidi. Ukilazimika kwenda mwezi wenye mashaka, Rongai inakupa nafasi ya kufika kambi ya mwisho ukiwa na nguo kavu, na nguo kavu ni nusu ya safari.

Sasa jambo ambalo watu hulikata kwanza ili kupunguza gharama: siku moja ya ziada. Bila siku ya akiba, utabiri wote utakaousoma hauna kazi, maana hata ukikuambia usipande huna namna ya kuutii. Ada ya hifadhi kwa Mtanzania ni ndogo mno kulinganisha na ya mgeni. Punguza fulana za kuchapisha na bango la kupigia picha, nunua siku.

Hatua ya 2: Wiki mbili kabla, tazama picha kubwa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa msimu, wa mwezi, wa siku kumi, na ule wa siku tano unaoeleza athari. Soma wa siku kumi kwa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, na zoea maneno yao: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Angalizo la mvua kubwa kwa Kilimanjaro halina maana ya kuahirisha safari. Lina maana kwamba sakafu ya hema itakuwa imelowa na wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, watakuwa wanabeba mzigo uliolowa, kwa hiyo mwendo wa kundi zima utapungua.

Tazama pia bahari. Kimbunga kikiwa kwenye Mkondo wa Msumbiji au karibu na Madagaska huvuta unyevu na kubadili uelekeo wa upepo mbali sana na kilipo. Sisi wa Dar tunakikumbuka Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, jinsi bahari ilivyochafuka na vivuko kusimama. Kama kuna kimbunga hai siku unayofunga begi, utabiri wa mlimani wa siku sita mbele usiuamini. Uangalie kila asubuhi upya.

Hatua ya 3: Siku nne kabla, soma upepo wa usawa sahihi

Hapa ndipo nilipoumia mara ya kwanza. Nilipanda kwa Marangu, na simu yangu ilikuwa imeniambia upepo wa kilomita 9 kwa saa. Usiku ule tuligeuza tukiwa Pango la Hans Meyer, kwenye mita 5,150 hivi, mpira wa kunywea maji umeganda na mwenzetu mmoja hawezi tena kufunga zipu kwa vidole vyake. Utabiri haukuwa wa uongo. Ulikuwa wa mahali pengine. Programu nyingi ukiandika "Kilimanjaro" zinakupa Moshi mjini, au uwanja wa ndege, au kilima cha kwenye kompyuta ambacho ni kifupi kuliko mlima wenyewe. Mifumo ya utabiri huigawa dunia kwa vipande. Wa Kimarekani, GFS, kwenye data zake zinazotumiwa sana, kila kipande kina upana wa kilomita 28 hivi. Ndani ya kipande kimoja Kibo yote, ile koni yenye kilele, inasawazishwa na mashamba ya migomba.

Dawa yake ni kuacha upepo wa ardhini na kusoma upepo wa angani. Programu kama Windy zinakuruhusu kuchagua usawa wa mgandamizo. Chagua hektopaskali (hPa, kipimo cha mgandamizo) 500. Katika ukanda wetu wa tropiki usawa huo uko kama mita 5,850, yaani karibu kabisa na kilele chenyewe, Uhuru. Kwa kambi ya mwisho, Barafu au Kibo, tazama 600, ambao ni kama mita 4,400. Weka alama ya mahali juu ya Kibo yenyewe, usiweke Moshi.

Halafu saa. Hili linawakosesha Waswahili zaidi kuliko watu wengine, kwa sababu sisi tuna hesabu mbili za saa na mtandao unaleta ya tatu. Programu ikiandika UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza saa tatu upate saa ya Afrika Mashariki, kisha igeuze kwa Kiswahili. Hivyo 21 UTC ni saa sita usiku, mnapoanza kutembea. 00 UTC ni saa tisa usiku, wakati mbaya kuliko wote. 03 UTC ni saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza. 06 UTC ni saa tatu asubuhi, mnapaswa kuwa mnashuka. Andika upepo wa nyakati hizo nne tu. Kama namba ziko kwa noti (knots, kt), zidisha kwa 1.85 upate kilomita kwa saa. Kama ni mita kwa sekunde, zidisha kwa 3.6.

Fanya hivyo kwa mifumo miwili, GFS na ule wa Ulaya, ECMWF, kwa siku nne mfululizo. Namba moja peke yake haikuambii kitu. Mifumo miwili ikikubaliana, na ikaendelea kukubaliana kila siku, unaweza kuitegemea. Leo ikisema 20, kesho 55, keshokutwa 30, ujue hewa yenyewe haijatulia, na siku yako ya akiba iko karibu kutumika.

Hatua ya 4: Geuza namba ziwe baridi ya mwilini

Joto hushuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Ukiwa Kariakoo kwenye nyuzi 31, toa 38, unapata nyuzi 7 chini ya sifuri kileleni, mchana, bila upepo. Usiku, ardhi ikishapoteza joto lake, nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida.

Kisha ongeza upepo. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 10 kwa saa unaufanya uso uhisi kama 15 chini ya sifuri. Wa kilomita 20 unaufikisha 18. Wa 40, unahisi 21 chini ya sifuri. Hiyo ni juu ya ngozi kavu. Glavu ikilowa jasho hesabu hiyo haikulindi tena. Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema "mimi baridi naiweza", namuuliza upepo utakuwa kilomita ngapi. Baridi bila upepo inavumilika kwa koti zuri la mitumba la Karume au la soko la Memorial pale Moshi. Upepo unapita kwenye koti hilohilo kama halipo, usipokuwa na ganda la juu lisilopitisha upepo.

Jambo jingine kwa anayezoea kupima upepo kwa mwili. Hewa ya kileleni ni nyepesi, uzito wake ni kidogo zaidi ya nusu ya ile ya Dar. Upepo ukikusukuma kule kwa nguvu ileile ya upepo wa kilomita 40 wa Coco Beach, ujue unakwenda zaidi ya 50. Mwili unakudanganya kuelekea upande wa hatari.

Hatua ya 5: Andika mipaka, isainiwe

Kabla hamjapanda basi pale Mbezi, kaeni pamoja muandike karatasi moja. Yetu ya mwisho ilisomeka hivi:

Upepo wa kileleni ukiwa chini ya kilomita 30 kwa saa, tunaenda. Kati ya 30 na 45, wanaenda wenye nguo kamili na wasioumwa kichwa. Ukizidi hapo tunatumia siku ya akiba.
Theluji au mvua ikiwa inaanguka kambini saa tano usiku, tunabaki ndani ya hema na kuangalia tena saa saba.
Ngurumo ikisikika jioni hiyo, hatuanzi mpaka zipite saa tatu za kimya.
Ukungu ukifika kiasi kwamba wa mwisho hawaoni wa kwanza, tunasimama na kukusanyika, na mwongoza njia ndiye anasema.
Saa mbili asubuhi asiyekuwa kwenye ukingo wa kreta, Stella au Gilman's, anageuza.

Namba hizo ni zetu, watu wa kawaida wenye vifaa vya kawaida. Mnaweza kuweka za chini zaidi. Msiweke za juu zaidi kwa mara ya kwanza. Nakala mpeni kiongozi wenu wa msafara siku ya kwanza getini, mbele ya wote, ili naye ajue hamtamlaumu akisema hapana. Hilo linamwondolea mzigo mkubwa kuliko mnavyodhani, kwa sababu wateja wengi humbana.

Hatua ya 6: Mlimani, weka daftari la asubuhi na jioni

Mtandao wa simu unapatikana sehemu kadhaa za mlima na kupotea sehemu nyingine, kwa hiyo kuanzia hapa macho yanafanya kazi kubwa. Mwenendo wa kawaida wa siku njema ni huu: asubuhi kweupe, kuanzia saa nne au saa tano jua linapasha miteremko na mawingu yanaanza kupanda kutoka msituni, alasiri yanafunika kambi, usiku hewa inapoa na kuteremka na mawingu yanazama chini yako. Ndiyo sababu ya kuanza usiku wa manane; na changarawe iliyoganda ni rahisi kukanyaga kuliko iliyolegezwa na jua.

Andika saa ambayo wingu limefika kambini kila siku. Likifika saa nane leo, saa saba kesho, saa tano keshokutwa, unyevu unaongezeka. Na wingu lisilozama usiku ni ishara mbaya kuliko lililokuja mapema.

Ukiona wingu laini kama kofia limekaa juu ya Kibo, au juu ya Meru kule magharibi, halisogei, usifikiri hewa imetulia. Wingu limesimama lakini upepo unapita ndani yake kwa kasi, ukilijenga upande mmoja na kulibomoa upande wa pili. Wingu refu linalovimba kama koliflawa na kuchanua bapa juu ni la radi. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, unapata kilomita. Chini ya sekunde 30 toka kwenye ukingo, weka fimbo za chuma mbali, usijifiche chini ya mwamba uliosimama peke yake wala mdomoni mwa pango.

Kama una saa ya mkononi yenye kipimo cha mgandamizo, sikiliza hili, kwa sababu miongozo mingi ya milima ya Ulaya haiendani na hapa. Wao husema kambi ikionekana "imepanda" mita 20 wakati umelala, mgandamizo umeshuka na dhoruba inakuja. Kwetu karibu na ikweta mgandamizo una mapigo yake kila siku: hupanda kilele saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Saa yako inaweza kuonyesha tofauti ya mita 10 hadi 30 bila tatizo lolote. Linganisha saa kumi jioni ya leo na saa kumi jioni ya jana kama mmelala kambi ileile, au ulingane na urefu ulioandikwa kwenye kibao cha kambi. Na zima ile hali ya saa kujirekebisha yenyewe kwa setilaiti, maana itafuta ushahidi wote.

Hatua ya 7: Jioni ya kambi ya mwisho

Kazi ni tatu, saa kumi jioni, saa tatu usiku, na saa tano usiku unapoamshwa. Saa kumi tazama ukingo wa juu: kama kuna theluji inayopeperuka kama vumbi, au mawingu madogo yanapita ukingoni kwa kasi, upepo umeshafika. Saa tatu tazama nyota na mwezi. Duara jeupe kuzunguka mwezi ni utando wa barafu wa juu sana, na maana yake ni unyevu unaingia. Halizuii safari peke yake, ila liongeze kwenye hesabu.

Saa tano ndiyo inayotosha kuamua, na kambi yenyewe inaweza kukudanganya. Mwaka wa tatu nikiwa Barafu, hema halikutikisika hata kidogo. Nilitoka nikiwa nimeshavaa kila kitu, nikamwambia mzee aliyetuongoza, "Shikamoo mzee, leo kumetulia." Akaitikia, akasema, "Dada, zima tochi kwanza. Usiongee." Nikazima. Baada ya muda masikio yakaanza kuisikia sauti, nzito, haina pumzi, kama lori la mizigo linapanda Kitonga kwa gia ndogo, ila halifiki. Ilikuwa inatoka juu, ukingoni. "Hapa tuko nyuma ya ukuta," akasema. "Ule ndio upepo wenyewe." Nikatoa karatasi. Utabiri wa mwisho niliokuwa nao ulisema 48. Tukarudi kulala na viatu tukiwa tumeviweka ndani ya mifuko ya kulalia. Usiku uliofuata, saa tano, alizima tochi tena na hatukusikia kitu. Tukapanda watu saba kati ya wanane, na Stella Point nilivua glavu kupiga picha bila kuumia.

Hatua ya 8: Njiani, pima tena mara tatu

Pima saa moja baada ya kuanza, pima nusu ya mteremko, pima ukingoni. Kila mara ni maswali yaleyale: naweza kusimama wima bila kuegemea fimbo? Namwona wa mwisho? Kila mtu anaweza kugusanisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huohuo? Jaribio hili la vidole ni la kuaminika kuliko "uko sawa?", kwa sababu kila mtu husema yuko sawa. Anayeshindwa, anayejikwaa ovyo na kutamka maneno kama mlevi, amepoa au kimo kimemzidi. Kwa vyovyote anashuka na mtu wa kumsindikiza, hasubiri kundi.

Theluji mpya ya kifundoni inapitika. Ya magotini inaficha njia na kumaliza nguvu, geuza. Kutoka Stella hadi Uhuru ni sehemu isiyo na mwinuko mkali, na ndiyo maana watu hupotea wakiwa kwenye ukungu pale. Wanaofikiria njia ya Western Breach wajue kwamba huko jua lenyewe ni hatari, kwani mawe yaliyoshikwa na barafu huachia yakipata joto. Januari 2006 wapandaji watatu walifariki kwa maporomoko ya mawe upande huo.

Hatua ya 9: Kushuka

Kufikia saa tatu asubuhi uwe umeanza kushuka kutoka Uhuru hata kama anga ni ya buluu, kwa sababu mawingu ya alasiri yatakukuta ukiwa umechoka. Weka koti la mvua juu kabisa ya begi dogo, usimpe mpagazi. Mvua ya njia ya kushukia ya Mweka, kwenye msitu, huangusha watu wengi kuliko barafu ya juu, na magoti yaliyochoka hayasamehe tope.

Usiku wa kwanza Moshi, kabla hujalala, chukua ile karatasi na uandike pembeni mwa kila namba: kilichotabiriwa, kilichotokea, saa ngapi. Yetu ya mwaka ule ina mstari unaosema "500 hPa ilisema 48, mzee alisikia kwa masikio, tulisubiri." Kundi linalofuata la ofisini kwenu lipewe karatasi hiyo pamoja na makoti.